Nililipa Vyungu vya Ghislain

Nilikuwa nimelala chini, shavu kwenye vigae vya bafu, na nilijua kabisa kitu kilichokuwa kinaniua. Muntu mwingine angefikiri ni usingizi, au moyo, au uchawi. Mimi nilikuwa fundi wa gesi, mwaka wangu wa kumi na moja. Nilijua jina lake, nilijua kinatoka wapi, nilijua dirisha liko hatua mbili tu kutoka kichwani kwangu. Mkono haukuinuka.

Mbele yangu alilala Maman Odette, mama aliyenialika kwake, beseni limemwagika juu ya miguu yake. Macho yake yalikuwa wazi. Midomo yake ilikuwa myekundu vizuri, kama ameipaka rangi ya kwenda harusini.

Nikapiga ukuta kwa kisigino. Upande wa pili wa ukuta kikundi cha maombi kilikuwa kinaimba. Waliposikia ule mlio walidhani ni pepo, mmoja akasema kwa nguvu, "Eko anatoka. Musiache, eko anatoka." Wakazidisha kuimba. Nilipopiga tena, wakazidisha tena. Kila nilivyoomba msaada, wao walifurahi.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana, mtaa wa Schaerbeek, huku kwa Wabelgiji, jua la baridi limejaa dirishani. Halafu nikaziona pantoufles, ndara za kuvaa nyumbani. Za kitambaa cha kijivu, ya kushoto imekanyagwa kisigino, zimesimama kati yangu na mlango. Sikuinua macho kuona nani amezivaa. Sikuweza, na hata kama ningeweza nisingeinua.

Bon. Turudi nyuma.

Ninyi vijana munaosomea chauffage, ufundi wa kupasha nyumba joto, mumeniomba niwaandikie habari za kazi. Musitafute mpangilio, shule yangu niliiacha Likasi, mwaka wa sita wa primaire, na kichwa changu tangu siku ile kinavuja. Nitaandika kama ninavyokumbuka. Majina nitayataja, kwa sababu wenye majina hawajawahi kuona haya.

Aliyenifundisha ni Papa Anselme, muzee wa Lubumbashi, fundi mweusi wa kwanza katika kampuni yetu ya gesi. Mfukoni alikuwa na vitu vitatu tu: bisibisi, kiberiti, na kioo kidogo cha mwanamke cha kujipodolea. Kioo kile kilituchekesha sana. Siku moja huko Berchem-Sainte-Agathe mke wa muntu alimuuliza kama anataka pia wanja. Akamjibu, "Maman, hii kioo inaona moshi mbele ya pua yako. Ungekuwa na yako, bwana yako angekuwa anakuogopa."

Sikieni vizuri hapa, hii ni kazi. Chauffe-bain ni lile sanduku la gesi ukutani linalopasha maji ya bafu. Moto wake unatoa hewa mbaya, na hewa hiyo lazima ipande katika bomba la moshi iende juu ya paa. Washa maji ya moto, acha yaende dakika tano, halafu peleka kioo pale chini ya bomba, juu ya sanduku. Kikibaki safi, bomba linavuta. Kikiingia ukungu, bomba linarudisha. Hakikisha kwa kiberiti: moto ukilala kuelekea ndani ya bomba, vizuri. Ukilala kuelekea usoni kwako, funga gesi na toka. Mwezi wangu wa kwanza niliinama karibu mno, nyusi zikaungua zote mbili. Papa Anselme akaniangalia muda mrefu akasema, "Sasa unafanana na yai. Twende, iko nyumba ingine."

Na uangalie watu. Vyombo vinaweza kukudanganya. Uliza nani anaumwa kichwa, na kichwa kinapona wapi. Kikipona wakitoka nje na kurudia wakiingia ndani, usipoteze wakati.

Ndani ya camionnette, gari letu la kazi, Papa Anselme alikuwa na maneno yake, aliyasema mpaka tukayachoka. "Ilunga, ukisaini bila kuona, njo wewe utapayer les pots cassés." Wabelgiji wanasema hivyo kila siku: kulipa vyungu vilivyovunjika. Hawasemi ni nani alivivunja. Wanaangalia tu nani amebaki chumbani na vigae mikononi. Mimi nilikuwa ninacheka. Nilifikiri ni muzee anayejua Kifaransa na anapenda kukionyesha.

Sasa muelewe desturi ya pale kazini, kwa sababu ndiyo iliyotuua. Kila Jumatatu asubuhi patron wetu Ghislain aliweka juu ya boneti ya gari karatasi za attestation, zile zinazosema chombo fulani kwenye nyumba fulani kimekaguliwa na kiko salama. Zilikuwa tupu. Tulisaini kumi kumi, wima, kalamu moja inazunguka, kahawa mkono wa pili. Ghislain alizijaza mwenyewe ofisini. Alisema, "Les gars, ninyi mukono, mimi maandishi." Mimi nilifurahi, kwa sababu kuandika Kifaransa kulinitia jasho kuliko kubeba boiler ngazi nne. Papa Anselme peke yake hakusaini. Alisimama pembeni, anasafisha kioo chake. Tulidhani ni kiburi. Baadaye aliacha kazi, akasema ni mgongo.

Mwezi wa kumi mwaka ule, karibu na mwisho wa miaka ya elfu mbili, Ghislain alinituma Schaerbeek, kwenye nyumba ya Madame Colard. Mwenye nyumba huyo mwenyewe alikaa Woluwe-Saint-Lambert, nyumba za Schaerbeek alizipangisha. Ghorofa ya pili aliishi Maman Odette na binti yake Nadège, miaka kumi na mbili. Maman Odette, kusikia tu lafudhi yangu, akanishika mkono, akaniita tonton, mjomba.

"Tonton, uko wa wapi?"

"Likasi."

"Ah, Mungu iko. Ingia. Utanisikia wewe."

Akafunga mlango wa sebule ili mutoto asisikie, akasema polepole, "Tonton, humu ndani hatuko peke yetu. Kuko muzee. Muzungu. Anapandaka ngazi, anafika pale kwa bafu, anasimama. Haongei. Mimi nimemuona mara tatu. Nadège amemuona. Dada yangu alikuya kutoka Lille, hatukumwambia kitu, asubuhi akaniuliza ule papa ni nani."

"Na kichwa?"

"Kichwa inatuuma wote. Tukienda misa, inaisha. Tukirudia, inaanza. Maua yote yalikufa. Na kandege ka Nadège kalikufa. Pastera alisema ni roho ya mahali, haitaki sisi tukae hapa."

Niko na damu kama watu wote. Nilisikia nywele za shingo zikisimama. Lakini nilisikia pia sauti ya Papa Anselme: kichwa kinapona wapi. Nikaingia bafuni. Pale juu ya mlango, mahali pa tundu la hewa, walikuwa wamesukumia pagne nzima, kitenge, imekazwa kabisa.

"Ni sisi," akasema. "Baridi inaingilia pale. Na pastera alisema tusimuachie mulango."

Nikaitoa ile pagne. Nikawasha maji, nikangoja dakika tano, nikapeleka kioo changu. Kikaingia ukungu mara moja, kama muntu amekipulizia. Kiberiti kikalala upande wangu. Nikapanda paani kuangalia bomba: kipande cha juu kilikuwa kimevunjika zamani, matofali yameangukia ndani. Kuzibua tundu la mlango hakungetosha. Mashine ya kupima monoxyde, ndiyo ile hewa mbaya, kampuni ilikuwa nayo moja, na ililala ndani ya gari la Ghislain. Sikuihitaji.

Nikafunga gesi. Nikafunga kwenye bomba kadi nyekundu kwa waya. Kadi nyekundu maana yake ni: hatari, asifungue muntu. Nyuma ya kadi nikaandika namba yangu ya simu na maneno matatu, kwa Kiswahili, ili asichanganyikiwe: MAMAN USIFUNGUE NITARUDI.

"Na yule muzee?" akauliza.

"Tengeneza bomba, muzee ataenda," nikasema. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Tonton, unasikia?"

Juu ya ngazi palikuwa na hatua. Polepole, laini, kama muntu anayeburuta miguu. Zikafika mlangoni, zikasimama. Mimi fundi, mwenye kioo na kiberiti, nilikusanya vifaa bila kuvihesabu. Nilipofungua mlango, ngazi ilikuwa tupu. Nilikuwa nimekaa bafuni mle zaidi ya nusu saa, kichwa kimekuwa kizito, najua. Ninawaambia tu nilichosikia.

Kesho yake nikamwambia Ghislain: bomba limevunjika, nimefunga, nimeweka nyekundu. Siku mbili baadaye akaniita pembeni.

"Ilunga, mon ami, unamfungia muntu gesi kwa kiberiti? Madame Colard amenipigia mara tano. Mpangaji hana maji ya moto."

"Na bomba?"

"Nimepita mwenyewe. C'est arrangé."

Patron amesema imetengenezwa. Nilimwamini, au nilitaka kumwamini, sijui tena tofauti.

Mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi, simu ikalia.

"Tonton wa Likasi? Ni Odette. Ule muzee amerudia."

Nikauliza patron alilifanya nini bomba. Akasema, "Bomba? Alikata ule kakadi yako na pince, ile koleo yake, akafungua, akaenda. Dakika tano. Aliniambia ule Mweusi alikosea."

Hapa ndipo ninapojishitaki mimi mwenyewe, kabla sijawashitaki wengine. Hakuna muntu anayetengeneza bomba la ghorofa tatu kwa dakika tano. Nililijua mara ile ile. Ningemwambia: funga sasa, toka na mutoto, ninakuja. Badala yake nilisema, "Acha dirisha wazi, maman. Nitapita Jumapili baada ya misa." Nilimwogopa Ghislain, niwe mkweli. Na nilikuwa nazikumbuka zile hatua kwenye ngazi, sikutaka kuingia mle peke yangu.

"Jumapili ni vizuri," akasema. "Batu ya maombi batakuwa pale. Tutamtosha ule muzee, atoke kabisa."

Nilifika nikakuta viatu vimejaa koridoni. Madirisha yote yalifungwa, kwa sababu Mturuki wa chini alikuwa amelalamika juu ya kelele. Nadège alikuwa kwa rafiki yake. Maman Odette alitoka jikoni amevaa pagne mpya, akanisalimu vizuri, "Karibu, tonton, ukae kwanza, ule." Halafu akaenda bafuni kuteka maji ya moto ya kuosha sahani za watu wote hao. Beseni moja, beseni la pili, la tatu. Maji yakawa yanaenda. Nilidhani dirisha la bafu liko wazi kama nilivyomwambia, nikakaa na sahani yangu ya bukari na lengalenga, ugali na mboga, dakika kumi labda, mpaka nikagundua kwamba ninasikia maji lakini simsikii yeye.

Mlango wa bafu niliufungua, na ulijifunga nyuma yangu. Pagne ilikuwa imerudishwa kwenye tundu. Chini ya bomba, pale nilipofunga kadi, ulining'inia mkia wa waya tupu, umekatwa sawasawa. Nikainama kumwinua. Hapo miguu ikaniacha.

Hayo mengine munayajua.

Aliyetuokoa tuliobaki ni yule Mturuki. Mama mnene, mkali, alipanda kutukana juu ya kelele, akapiga mlango kama polisi. Alipofunguliwa aliona watu wawili wameegemea ukuta wanatapika, wengine bado wanaimba. Hakujua gesi wala roho. Alisema hewa ya mule ilikuwa mbaya, basi, akaanza kufungua madirisha moja moja huku anatutukana. Musiwadharau majirani wakali.

Mimi niliamka hospitali, na mask usoni. Maman Odette hakuamka.

Kwenye uchunguzi walinionyesha karatasi. Attestation. Anwani ya Schaerbeek, chauffe-bain, bomba linavuta vizuri, chombo kiko salama. Tarehe ni ya siku ile Ghislain aliponiita pembeni. Maandishi ya Ghislain, saini yangu.

"Ni mkono wako huu, monsieur?"

"Ni mkono wangu."

"Ulisaini?"

"Nilisaini Jumatatu, karatasi ilikuwa tupu."

Wakaangaliana. Nikasema habari ya kadi nyekundu. Wakaleta kitabu cha kadi kutoka ofisini kwa Ghislain. Kadi moja haikuwemo, hata kipande chake cha kubaki kitabuni kilikuwa kimechanwa. Ghislain akasema, mbele yangu, anatazama kiatu chake, "Ilunga ni kijana mzuri, lakini hajui kuandika. Labda alikosea." Madame Colard akasema yeye si fundi, alimwamini fundi. Simu ya Alhamisi? Aliyenipigia amekufa. Wakauliza namba yangu aliipata wapi. Nikatafuta kichwani, nikakuta tundu. Gesi inakula hivyo: jina la shangazi yangu ninalo, lakini wiki nzima za mwaka ule hazipo. Nikasema sijui. Wakaandika: hajui.

Koridoni avoka, wakili wa Ghislain, alikuwa anakunywa kahawa. Akamwambia mwenzake, bila chuki, kama muntu anayesema mvua itanyesha: "C'est toujours l'ouvrier qui paie les pots cassés." Yaani siku zote mfanyakazi ndiye analipa vyungu. Wakaingia ndani.

Nikahukumiwa kifungo kilichosimamishwa, gerezani sikulala, na ruhusa ya kugusa gesi nikanyang'anywa. Ghislain hakuguswa. Gesi sikuigusa tena tangu siku ile. Kwa hiyo nimestaafu, kama munavyosema kwa heshima, nikiwa na miaka arobaini na tisa. Nadège nilikuwa ninamwona kwenye kituo cha tram, Liedts, anakua. Akiniona alivuka barabara.

Nilikwenda Berchem kumtafuta Papa Anselme. Alinikalisha jikoni, hakuwasha redio.

"Nilikuambia usisaini."

"Uliniambia usisaini. Ju ya nini, hukuniambia."

Akazungusha kijiko ndani ya chai mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Ile nyumba ya Colard ninaijua. Mbele ya Odette kuhamia pale kulikuwa muzee, Mbelgiji, anakaa peke yake. Tulimkuta bafuni. Ghislain alisema ni moyo, na muzee wa miaka makumi nane nani atauliza? Karatasi ya mwaka ule ilikuwa na saini yangu. Tupu, Jumatatu. Ghislain aliniambia: nyamaza, na mimi nitanyamaza."

"Na bomba?"

"Halikuguswa."

Nilisimama kuvaa koti. Nilikuwa sijamwambia muntu yeyote nilichoona pale chini, hata mke wangu. Papa Anselme, anaangalia dirisha, akasema, "Miguu yake sitaisahau. Alikuwa na pantoufles za kijivu. Ya kushoto alikuwa ameikanyaga."

Nilishuka ngazi nimeshika ukuta.

Sasa ninafika kwenye lililonifanya niandike. Mwaka jana kengele ililia mchana, nikakuta msichana mrefu mlangoni, nguo nyeupe za infirmière, muuguzi, chini ya koti. Nadège. Hakukaa. Alifungua Biblia ya mama yake, akatoa kitu kati ya kurasa, akakiweka mezani.

"Tonton, nilikuwa nahama. Nilifungua Biblia kwa mara ya kwanza. Hii ni maandishi yako?"

Kadi nyekundu. Kipande cha waya bado kimo kwenye tundu lake, kimekatwa kwa pince. Namba ya kitabu iko pembeni, ileile inayokosekana. Na nyuma, simu yangu, na MAMAN USIFUNGUE NITARUDI. Ghislain aliikata akaiacha, na Maman Odette aliiokota, kwa sababu ilikuwa na namba ya muntu anayesikia Kiswahili. Ndipo nikakumbuka namba yangu aliipata wapi.

"Kwa hiyo hukukosea," Nadège akasema.

"Siku ile sikukosea. Nilikosea Alhamisi." Nikamweleza habari ya simu, yote. Alilia, halafu akakaa.

Vijana, musisaini karatasi tupu. Ni hilo tu ninalojua, nimelipia.

Papa Anselme, uko hai, uje useme mbele ya hakimu ulichoniambia jikoni. Madame Colard, muntu wa kwanza alikufa ndani ya bafu lako, bomba ukaliacha, ukapangisha kwa mama na mutoto. Utuambie ulijua nini. Na wewe Ghislain: avoka wetu ameshaomba faili ifunguliwe tena, lakini sisi hatutangoja barua ya mahakama. Jumanne, mchana, mimi na Nadège tutapiga kengele kwako. Kadi itakuwa mkononi mwake. Utamwambia nani aliikata. Uje mlangoni wewe mwenyewe, usitume muntu mwingine akufungulie.